HODI HEWANI: NAFASI YA KISWAHILI KATIKA BENDI YA REDIO YA MITA 40, KWA MFANO WA WEBUYE NA VIUNGA VYAKE

Ikisiri

Makala hii inachunguza lugha ya mawasiliano ya redio ya ridhaa katika bendi ya mita 40, ambayo ni miongoni mwa bendi zinazopendwa sana na wanaredio wa ridhaa kwa mazungumzo ya karibu na ya mbali kiasi. Mfano unaotumiwa ni eneo la Webuye, lililo kati ya Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya. Makala inaeleza jinsi bendi hiyo inavyofanya kazi na inavyotumiwa leo, inachanganua muundo wa mazungumzo yake, na kuulinganisha na desturi ya salamu katika redio za FM. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili tayari kina adabu na sehemu kubwa ya msamiati unaohitajika hewani. Kinachokosekana ni usanifishaji wa istilahi chache, hasa neno masafa, ambalo utata wake unaweza kuleta madhara wakati wa dharura.

1.0 Utangulizi

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu binafsi wenye leseni kwa ajili ya kujifunza, kuzungumza na wenzao na kufanya majaribio ya kiufundi, bila kusudi la kujipatia fedha. Hiyo ndiyo maana inayotolewa na kanuni za kimataifa zinazosimamiwa na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU). Neno ridhaa, ambalo Kiswahili kinalitumia pia katika michezo, kama vile ndondi za ridhaa, linabeba maana hiyo barabara: ni kazi ya hiari isiyo na ujira. Istilahi mpenzi wa redio haifai hapa kwa sababu katika matumizi ya kawaida humtaja msikilizaji. Kwa hiyo, mtu anayeendesha kituo cha aina hii ataitwa mwanaredio katika makala hii.

Nchini Kenya, leseni za wanaredio hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kabla ya mwaka 2014 ilijulikana kama Tume ya Mawasiliano ya Kenya. Kila kituo hupewa kitambulisho chake. Vitambulisho vya Kenya kwa kawaida huanza na 5Z4, vya Tanzania huanza na 5H, na vya Uganda 5X. Wakati wa ukoloni Kenya ilitumia VQ4.

Wataalamu wa isimujamii wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu lugha ya utangazaji, yaani lugha ya mmoja anayesema na wengi wanaosikiliza. Mawasiliano ya redio ya pande mbili, ambamo kila msikilizaji ni msemaji pia, hayajapewa uzito huo. Makala hii inakusudia kuchangia katika pengo hilo.

2.0 Webuye na Tabia ya Mita 40

Bendi ya mita 40 inaanzia kilohezi 7000 hadi 7200 katika Kanda ya Kwanza ya ITU, ambayo inajumuisha Afrika yote. Zamani wanaredio wa kanda hii walikuwa na nusu tu ya nafasi hiyo, kwani kilohezi 7100 hadi 7200 zilikuwa za vituo vya utangazaji. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliamua kuwa watangazaji wahame, na uhamisho huo ukatekelezwa tarehe 29 Machi 2009. Nambari 40 inatokana na urefu wa wimbi: mwendo wa mawimbi ya redio, kilomita 300,000 kwa sekunde, ukigawanywa kwa megahezi 7, jawabu huwa karibu mita 43.

Webuye, mji ambao zamani uliitwa Broderick Falls kutokana na maporomoko ya Mto Nzoia, uko kaskazini kidogo mwa ikweta. Kwa mstari ulionyooka, Bungoma iko umbali wa takribani kilomita 25, Kitale kilomita 50, Kisumu kilomita 80, Kampala kilomita 245 na Nairobi kilomita 310. Orodha hii ya miji inaonyesha vyema kwa nini bendi ya mita 40 ina faida. Mawimbi ya bendi za juu sana, kama ile ya megahezi 144, husafiri takribani kwa mstari ulionyooka, na vilima kama vile Chetambe, achilia mbali Mlima Elgon wenye urefu wa mita 4,321, huweza kuyazuia. Mawimbi ya mita 40 yana njia nyingine. Hupanda juu, yakagonga tabaka la anga liitwalo ionosfera, kisha yakarudi ardhini upande wa pili wa mlima.

Mwanaredio anayetaka kuzungumza na majirani hufunga antena ya waya yenye urefu wa mita 20 hivi, mita 10 kila upande, na kuiweka chini chini, chini ya mita 10 kutoka ardhini. Waya ulio chini kiasi hicho huelekeza nguvu nyingi juu moja kwa moja, na mawimbi hurudi kama maji ya chemchemi yanayomwagika pande zote. Kwa namna hiyo, mtu wa Webuye huweza kusikika Kitale, Kampala na Nairobi kwa waya ule ule mmoja.

Hata hivyo, bendi hii hubadilika kwa saa. Mchana, tabaka la chini la ionosfera, liitwalo tabaka D, hunyonya mawimbi yanayopita kwa pembe ndogo kwenda mbali, na hivyo bendi hubaki ya ujirani. Jua linapotua tabaka hilo hutoweka, na sauti za Ulaya, Asia na kusini mwa Afrika huanza kuingia. Baadaye usiku, hasa miaka ambayo jua lina madoa machache, mawimbi yanayopanda wima hupenya na kupotelea angani. Hapo mwanaredio wa Webuye huweza kumsikia mtu wa Ulaya na asimsikie wa Kampala. Mchana bendi ni baraza la kijiji. Usiku ni bandari.

3.0 Matumizi ya Leo

Matumizi ya sasa ya bendi hii yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kwanza ni Mosi, yaani msimbo wa nukta na vistari, ambao kwa mpango wa Kanda ya Kwanza hutawala sehemu ya chini, kilohezi 7000 hadi 7040. Mkutano ule ule wa 2003 uliziachia nchi uhuru wa kuamua kama zitaendelea kudai mtihani wa Mosi, lakini msimbo wenyewe haujafa, kwani hupenya kwa nguvu ndogo mahali ambapo sauti hushindwa.

Pili ni mawasiliano ya kompyuta. Mtindo unaovuma zaidi ni FT8, uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, pamoja na Steve Franke. Kompyuta mbili hupeana zamu za sekunde 15 karibu na kilohezi 7074 na kubadilishana kitambulisho, kipimo cha usikivu na mraba wa ramani. Webuye na Bungoma zimo katika mraba KJ70, Kitale katika KJ71. Ujumbe huru hauruhusiwi kuzidi herufi 13. Kwa mtazamo wa mwanaisimu, hapa lugha imebaki mifupa mitupu.

Tatu ni mazungumzo ya sauti, ambayo ndiyo kiini cha makala hii. Nne ni mawasiliano ya dharura. Vyama vya wanaredio vya Kanda ya Kwanza vimetenga kilohezi 7110 kuwa kitovu cha mawasiliano hayo katika bendi hii. Jambo hili si la kinadharia kwa watu wa bonde la Nzoia. Mto huo unaopita Webuye ndio unaofurika mara kwa mara huko chini, Budalang'i. Mafuriko yanapong'oa nguzo na kuzima minara ya simu, redio inayotumia betri ya gari na waya wa mita 20 huendelea kusema. Hapo ndipo swali la lugha linapopata uzito: atakayesema kwenye redio hiyo na atakayepokea huko Busia au Kisumu wataelewana kwa lugha gani?

4.0 Hodi, Wito na Zamu: Muundo wa Mazungumzo

Roman Jakobson, katika maelezo yake ya mwaka 1960 kuhusu kazi za lugha, alitaja kazi ya kufungua na kudumisha njia ya mawasiliano, yaani lugha inayouliza kama mwenzako yupo na anasikia. Katika mazungumzo ya ana kwa ana kazi hiyo hupita bila kuonekana. Katika redio ndiyo inayotangulia yote. Aidha, Sacks, Schegloff na Jefferson walipochunguza upokezanaji wa zamu mwaka 1974 walionyesha kuwa wazungumzaji hupokezana kwa ishara ndogo ndogo zinazokaribia kugongana. Hewani mgongano huo ni marufuku kwa maumbile ya chombo chenyewe: anayesema hasikii. Hivyo zamu hulazimika kutangazwa wazi.

Mazungumzo ya kawaida yana hatua sita: kuuliza kama masafa yana mtu, kutoa wito, kujitambulisha, kupeana kipimo cha usikivu, kubadilishana habari, na kuagana. Kwa kila hatua kuna msimbo. QRL ikiwa swali huuliza kama mahali pana shughuli. CQ ni wito kwa yeyote anayesikia. QTH ni mahali ulipo, QRM ni mwingilio wa vituo vingine, QRN ni kelele za radi, QSB ni kufifia kwa sauti, na QSL ni uthibitisho wa kupokea. Misimbo ya Q iliidhinishwa kimataifa mwaka 1912 ili mabaharia wasiojua lugha moja waelewane. Nambari 73, yenye maana ya salamu njema, ilirithiwa kutoka kwa wapiga telegrafu wa Marekani wa karne ya 19.

Msomi wa Kiswahili hatakosa kutambua kwamba hatua ya kwanza ni hodi. Mgeni wa Kiswahili hasukumi mlango; hubisha hodi, akasubiri, akabisha tena. Mwanaredio naye hairuhusiwi, kwa adabu ya bendi, aanze kuita kabla ya kuuliza na kusikiliza. Tofauti ni kwamba katika hodi ya nyumbani kimya humzuia mgeni kuingia, ilhali hewani kimya ndicho kibali. Asipojibiwa na mtu, huwa mwenyeji wa mahali pale, na wito unaofuata ni karibu anayoitoa yeye. Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha kwamba hatua zote sita zinaweza kutekelezwa kwa Kiswahili bila kulazimisha:

Kituo A: Hodi! Masafa haya yana mtu? (Kimya.) Hodi tena, yana mtu? (Kimya.) Wito kwa wote, wito kwa wote wa mita arobaini. Huyu ni (kitambulisho). Nasikiliza.
Kituo B: (Kitambulisho cha A), huyu ni (kitambulisho cha B). Nakupata tano tisa, tano tisa. Niko Kitale. Zamu yako.
Kituo A: Ahsante kwa tano tisa. Nami nakupata tano saba, sauti inafifia kidogo. Niko Webuye, huku radi zinapiga. Zamu yako.
Kituo B: Yote nimeyapokea. Salamu njema kwa wa nyumbani. Nafunga.

Kipimo cha "tano tisa" kina sehemu mbili. Tarakimu ya kwanza, isiyozidi 5, huonyesha usikivu wa maneno. Ya pili, isiyozidi 9, huonyesha nguvu za mawimbi. Jambo la kuzingatia ni kuwa kanuni za kimataifa hazikatazi lugha yoyote katika mazungumzo haya. Kinachokatazwa ni kuficha maana kwa msimbo wa siri. Kiswahili kinachosemwa waziwazi hakina kosa lolote.

5.0 Ndugu wa Karibu: Salamu za Redio za FM

Je, wakazi wa eneo hili ni wageni wa adabu hii? La hasha. Tangu zama za Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 ilifanywa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC), wasikilizaji wamekuwa wakisalimiana kupitia redio. Zamani walijaza kadi za salamu na kuzituma kwa posta. Leo hupiga simu au kutuma ujumbe mfupi, na mbali na KBC wanazo redio za FM kama West FM iliyoko Bungoma, na Sulwe FM inayotangaza kwa Lubukusu.

Salamu hizo zina muundo thabiti. Msalimu hujitambulisha kwa jina, mara nyingi pamoja na lakabu, kisha hutaja mahali alipo, huorodhesha anaowasalimu na sehemu zao, hutoa ujumbe, aghalabu wa methali au nasaha, na kuaga. Huu ni mwenendo unaofanana sana na ule uliochanganuliwa katika sehemu ya 4.0. Lakabu inafanya kazi ya kitambulisho, kwa maana msikilizaji humjua mtu kwa lakabu hata asiyewahi kumwona. Kadi ya salamu nayo ina ndugu yake, kwani wanaredio hupelekeana kadi za QSL kuthibitisha kwamba walisikizana. Washairi wanaojibizana katika kurasa za magazeti ya Kiswahili nao hutia sahihi kwa lakabu na mahali. Kwa hiyo, desturi ya kujenga ujirani na watu usiowaona, kwa jina la kujichagulia na kwa kanuni zinazojulikana, ina mizizi katika utamaduni wa Kiswahili.

Tofauti nazo zipo. Salamu za FM hupitia kwa mtangazaji, ambaye ndiye bawabu. Katika redio ya ridhaa hakuna bawabu. Nidhamu iko mikononi mwa kila mtu. Pili, salamu za FM huwafikia watu wasio na leseni, wakati katika redio ya ridhaa kupeleka ujumbe wa mtu wa tatu nje ya nchi kumewekewa mipaka na kanuni za kimataifa, isipokuwa wakati wa dharura au maafa. Tatu, muziki na matangazo ya biashara, ambayo ni uhai wa FM, hayana nafasi katika mita 40.

6.0 Mahali Ambapo Lugha Inakwama

6.1 Neno masafa
Kamusi hulieleza neno masafa kuwa umbali kati ya mahali na mahali. Ndiyo maana wanariadha wa Bonde la Ufa huitwa wakimbiaji wa masafa marefu. Watangazaji nao hulitumia kwa maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, wanapowaambia wasikilizaji kuwa wanapatikana kwenye masafa fulani ya FM. Isitoshe, masafa mafupi hutumiwa kwa maana ya mawimbi mafupi. Tukizikusanya maana hizi pamoja tunapata sentensi ya ajabu iliyo kweli kabisa: masafa mafupi hufika masafa marefu kwa sababu ya masafa makubwa. Katika darasa sentensi hiyo huchekesha. Katika dharura, ujumbe kama "tuko masafa ya saba kutoka daraja" unaweza kumfanya mmoja atafute kilomita 7 na mwingine azungushe kitufe hadi megahezi 7.

6.2 Saa
Wanaredio wa dunia nzima huandika kumbukumbu zao kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Msemaji wa Kiswahili ana saa ya tatu: anaposema saa moja asubuhi, saa ya ukutani inaonyesha 7:00, na kumbukumbu ya redio inapaswa kusoma 04:00. Asipotaja ni saa ipi, miadi huvunjika, na ripoti ya kupanda kwa maji huonekana ya zamani au ya usoni.

6.3 Matamshi
Katika Lubukusu, vipasuo ghuna hujitokeza hasa vikitanguliwa na nazali, kama katika mb, nd na ng. Kwa hiyo, baadhi ya wazungumzaji wake wanapotumia Kiswahili huchanganya /b/ na /p/, /d/ na /t/, /g/ na /k/. Redio hupunguza upana wa sauti na kuifanya tofauti hiyo iwe finyu zaidi hata kwa msemaji asiye na athari ya lugha mama. Suluhisho la wanaredio ni alfabeti ya maneno, ambamo B ni Bravo na P ni Papa. Ni sadfa ya kupendeza kuwa papa katika Lubukusu ni baba. Neno ambalo mwalimu wa Kiswahili angelisahihisha darasani, hewani limekuwa nguzo ya kutofautisha.

7.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kutokana na uchanganuzi huu, istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa mjadala:

(i) masafa: idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, na maana hiyo tu katika uwanja wa redio;
(ii) umbali: nafasi kati ya kituo na kituo;
(iii) urefu wa wimbi: kipimo kinachozipa bendi majina yake ya mita;
(iv) mawimbi mafupi: badala ya masafa mafupi;
(v) zamu yako: ishara ya kumwachia mwenzako nafasi;
(vi) saa ya kimataifa: itajwe kila wakati muda unaporipotiwa.

Neno bendi libaki lilivyo, kwani muktadha hulitenga na bendi ya muziki. Misimbo ya Q nayo ibaki, kwa kuwa si mali ya lugha yoyote na humwezesha mtu wa Webuye kuelewana na Mjapani. Kiswahili kinahitajika kwa yale ambayo misimbo haiwezi kuyasema: daraja lipi limekatika, watu wangapi wamekwama, nani anahitaji dawa gani.

Makala hii imeonyesha kuwa mazungumzo ya bendi ya mita 40 yanafuata adabu ambayo Mswahili anaifahamu tangu utotoni, na ambayo wasikilizaji wa FM wa Bungoma na Webuye wameizoea katika salamu. Utafiti zaidi unaweza kurekodi mazungumzo halisi ya vituo vya Kenya, Uganda na Tanzania na kupima ni hatua zipi kati ya zile sita zinafanywa kwa Kiswahili na zipi kwa Kiingereza. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa kushirikiana na idara za uhandisi na fizikia katika vyuo vikuu, vina uwezo wa kuanza kazi ya istilahi mara moja. Mto Nzoia utafurika tena, na wakati huo hautakuwa wa kubishana kuhusu maana ya masafa.